Kimea cha Sisibo

Ncha ya chini ya mrija wa pombe ina kikapu. Ni kikapu kidogo mno, chembamba kama kidole cha mwisho cha mtoto, kimesukwa kwa nyuzi za mmea na kukazwa ili makapi ya wimbi yasipande mdomoni. Gogo mmoja, yaani nyanya kwa Kikalenjin, wa upande wa Moiben ndiye aliyenitia mrija huo mkononi, akaniambia niupulize kwanza nijue kama umeziba. Nikapuliza. Hewa ikatokea upande wa pili ikiwa na harufu ya moshi, kwa sababu mirija yake yote hukaa darini, juu ya meko, tangu mzee wake alipokuwa hai.

Mimi ni mpenzi wa bia. Nina daftari ninaloandika kila ninachoonja: rangi, povu, harufu, ladha inayotangulia na ile inayobaki kooni. Nairobi siku hizi ina viwanda vidogo vinavyopika kwa mikono ya watu wachache, Bateleur na 254 vikiwa viwili kati yavyo, na nimepata huko bia nyeusi inayonukia kahawa, bia ya ngano, na ile chungu yenye maua mengi ya hopi. Nikipanda matatu kurudi Eldoret, begi langu hulia chupa. Safari moja, gari likipita Timboroa na baridi yake, niliona mashamba ya shayiri yamekomaa, nikajiuliza: zao lenyewe liko kwetu, basi imekuwaje bia ninayoipenda niitoe Nairobi? Ndipo nikaanza kuifuata njia ya pombe katika nchi hii ya juu, nikirudi nyuma.

Mjini wazee bado huita Eldoret Sisibo. Oktoba 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulifika kwenye uwanda wa Uasin Gishu, ukiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, baada ya kupanda kutoka Nakuru kwa zaidi ya miezi miwili ya matope na misitu. Ardhi ilikatwa ikapewa namba. Shamba namba 64 halikufaa sana kulimwa, kwa hiyo likajengwa posta mwaka 1910, na namba hiyo ya Kiingereza ikageuka katika vinywa vya watu ikawa Sisibo. Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard akaupa mji jina la Eldoret, neno lenye asili ya Kimaasai la mto wa mawe, yaani Sosiani, likamaliziwa Kikalenjin. Hata sasa, ukisimama kwenye daraja na kutazama chini, mawe ndiyo unayoyaona kabla ya maji.

Ardhi hiyo iliyopewa namba ilikuwa na wenyewe. Wanandi na Waelgeyo walilisha humo, na kabla yao Wamaasai wa Uasin Gishu, walioacha jina. Kabla ya hao tena, Wasirikwa waliacha yale mashimo ya mviringo ambayo hadi leo mkulima hukutana nayo shambani. Wimbi nalo ni la huku. Ni nafaka iliyofugwa na watu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita, ikavuka bahari mpaka India. Palipokuwa na wimbi palikuwa na kimea, na palipokuwa na kimea palikuwa na pombe. A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu chake juu ya Wanandi mwaka 1909, alikuta pombe ya wimbi na ya asali zikiwa na nafasi katika mambo mazito ya jamii hiyo. Matone yalimwagwa kwa ajili ya wahenga, na wazee walibariki kwa kutema mate yenye pombe. Upande wa Bonde la Kerio, ambako mizinga ya magogo bado huning'inia mitini, asali ilichachushwa kwa matunda ya mwegea, matunda yaleyale ambayo Wakikuyu hutumia kwa pombe yao ya muratina.

Mahindi yalifuata baadaye. Wazungu wa Uasin Gishu walilima mahindi na ngano kwa ekari nyingi, na wafanyakazi wao, Wakalenjin, Waluhya na wengine walioishi kwenye mashamba hayo, wakalipwa sehemu ya ujira kwa unga wa mahindi. Mama aliyezoea wimbi tupu akaanza kuutumia unga huo kupikia pombe na kubakiza wimbi kwa ajili ya kimea tu. Busaa tunayoijua leo, yenye mwili wa mahindi na roho ya wimbi, nadhani ni mtoto wa mashamba hayo. Hilo ni hitimisho langu, lakini kila mpishi niliyemuuliza umri wa mapishi yake alinirudisha kwa mama au nyanya aliyeishi kwenye shamba la mzungu.

Bia ya chupa ilipitia barabara nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia yao ikapata jina la Tusker. Kabla ya hapo, na hata kwa muda baadaye, kila kitu kizito kilichokuja Sisibo kilishushwa kwenye reli huko Londiani, kikapakiwa kwenye magari ya ng'ombe na kuzama matopeni njia nzima. Inasimuliwa kwamba sanduku la chuma la benki ya kwanza ya mji lilishushwa likawa zito mno kusogezwa, wakaamua kuijenga benki palepale kulizunguka. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na kreti za chupa zikapata njia.

Mwafrika aliyezipakua kreti hizo hakuruhusiwa kuzinywa. Sheria ya kikoloni ilimkataza bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Na pombe yake mwenyewe ikawekewa vibali. Nairobi, katika miaka ya 1920, manispaa ilijitwalia ukiritimba wa kupika na kuuza pombe ya kienyeji huko Pumwani, na mama aliyepika nyumbani kwake akawa mhalifu. Uhuru haukumfuta machozi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya busaa vilifungwa kwa amri, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Katika vichwa vya watu vitu hivi viwili vikafungwa kamba moja, ingawa chang'aa hukenekwa na busaa huchachushwa tu, kama bia yoyote. Sheria ya mwaka 2010 iliyosukumwa na mbunge John Mututho ilifungua mlango tena, ila kwa leseni na vifungashio ambavyo mama wa mtaa wa Langas, Eldoret, au wa Moiben hana mtaji wa kuvipata.

Hili linaniuma, na nitalisema wazi. Tulikuwa na wapishi elfu, kila mmoja na mkono wake, na tukawafundisha kujificha. Sasa tunalipa bei ya chakula cha mchana kwa chupa moja, tukisifu kwamba imepikwa kidogokidogo, kwa mikono, na mtu anayejua nafaka yake.

Shayiri yenyewe niliitazama shambani Moiben kabla sijafika kwa Gogo. Kampuni ya East African Maltings huwapa wakulima mkataba, na mkulima niliyemkuta akikagua masuke alinieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya daftari sikuwa nikilijua: mbolea ya naitrojeni ikizidi, punje hujaa protini, na kiwanda huikataa. Shayiri ya bia inatakiwa iwe na wanga mwingi, na inatakiwa iwe hai. Punje iliyopasuka kwenye mashine ya kupura, au iliyopata joto ghalani, haiwezi kuota, na isiyoota haina kimea. Alichukua punje chache, akazisugua kiganjani, akapuliza makapi, akanionyesha mahali ambapo mzizi hutokea. Huko kiwandani wataziloweka, wataziacha ziote kwa siku chache, kisha watazikausha kwa hewa ya moto kabla chipukizi halijala utamu wote.

Kilomita chache kutoka hapo, Gogo alikuwa akifanya jambo hilohilo kwenye gunia. Wimbi lake alilolowesha alikuwa amelifunika mahali penye joto, karibu na meko, na sasa lilikuwa limeota, mizizi myeupe imeshikana kama sufi. Alilipasua kwa vidole na kulitandaza juani juu ya turubai. Unga wa mahindi ulikuwa umekwisha kuloweshwa, ukachacha karibu wiki nzima, kisha ukakaangwa juu ya bati pana mpaka ukawa chengachenga za rangi ya kahawia. Alinipa chenga moja nitafune. Ilikuwa na ladha ya ukoko wa ugali uliolowa maziwa lala.

Hauzi pombe. Ilikuwa ni kwa ajili ya koito ya mjukuu wake, wazee wa pande mbili wakutane kuzungumzia mahari, na chungu kidogo alikiweka kando kwa ajili ya wageni wa jikoni. Chenga zile pamoja na kimea kilichosagwa zilikuwa zimelala majini siku tatu. Alipofunua, uso wa chungu ulikuwa ukipumua, mapovu yakipanda moja moja na kupasuka. Akamimina maji ya moto juu, akakoroga mara mbili, akachomeka mrija.

"Vuta polepole, mwanangu. Ukivuta kwa nguvu unaziba."

Uchachu ulitangulia, safi, unaokaza pembe za taya. Ukafuata mkate uliochomwa, na mwishoni kabisa utamu wa uji wa wimbi. Nilijua mara moja ni kwa nini ulimi wangu, hata nilipokuwa mbali, ulipenda zile bia chachu za Ubelgiji ambazo rafiki zangu huzirudisha mezani baada ya funda la kwanza. Nimelelewa kwa mursik, maziwa yaliyochachia kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Mtoto wa hapa huijua ladha hiyo kabla hajajua kusema.

Kuhusu mrija nilimweleza Gogo habari niliyoisoma. Mwaka 1897, huko Maikop, kaskazini mwa Kaukazi, wachimbaji walifungua kaburi la miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, wakakuta mirija minane ya dhahabu na fedha, kila mmoja ukipita mita moja. Kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu waliidhania fimbo za kifalme au nguzo za hema. Ni mwaka 2022 tu ndipo watafiti walipoeleza kwamba ni mirija ya kunywea bia, na ushahidi wao mmoja ulikuwa chembe za wanga wa shayiri zilizokwama kwenye ncha, mahali palipotobolewa matundu madogo ya kuchujia. Gogo aligeuza mrija wake, akakitazama kile kikapu.

"Wangemuuliza mtu yeyote hapa," alisema.

Kisha nikatoa chupa yangu begini. Nilikuwa nimeichagua kwa uangalifu, bia ya hopi nyingi, rangi ya chai ya rangi, na nilitaka sana aipende. Nikamimina kwenye kikombe cha bati. Alinusa kwanza, kwa muda mrefu, kama ninavyonusa mimi. Akaonja kidogo, akakishikilia kinywaji mdomoni kabla ya kumeza.

"Ni uchungu wa mizizi," alisema. "Lakini imetulia. Mtu ameingoja." Akaonja tena. Jikoni kwake, alikuwa ameniambia asubuhi ile, mume wake hakuwahi kugusa mrija kabla ya kuambiwa ni mkono wa mama gani. "Hii amepika nani?"

Nikageuza chupa. Kulikuwa na jina la kampuni, kiwango cha kileo, onyo la walio chini ya miaka 18, tarehe ya kuharibika. Nikaigeuza tena, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Gogo akarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, akidhani sikumsikia.