MLANGUZI, MFANYA MAGENDO NA MHUJUMU
Maneno Matatu katika Mabishano ya Adhabu, Tanzania Bara 1962–1984

Mabishano ya siasa hayaishi Bungeni peke yake. Aghalabu huzaliwa mahali pa chini zaidi: penye foleni ya sukari, barazani pa kahawa, ndani ya basi, au mlangoni pa duka la kijiji. Huko watu huulizana mambo yale yale ambayo mahakimu na mawaziri huulizana kwa maneno mazito: aliyekamatwa ametenda kosa gani, kosa hilo limemdhuru nani, na adhabu ipi yamstahili. Mwenye kuchunguza lugha hana budi kuyasikiliza mabishano hayo, kwa sababu hayaamuliwi kwa nguvu ya hoja tu. Mara nyingi huamuliwa kwa jina. Anayewahi kumpa mkosaji jina huwa amekwisha kumkadiria adhabu kabla hakimu hajaketi.

Makala haya yataka kuonyesha jambo hilo kwa mfano mmoja wa historia ya Tanzania Bara, nao ni mapambano ya serikali dhidi ya biashara ya siri, yaliyofikia kilele chake mwaka 1983. Watu wa biashara hiyo waliitwa kwa majina matatu: walanguzi, wafanya magendo, na wahujumu. Kwa haraka yaweza kudhaniwa kuwa majina hayo ni mamoja. Sivyo. Kila moja lina mtu wake anayedhuriwa, na kila moja ladai adhabu yake.

I. Maneno yenyewe

Kulangua, kwa maana iliyozoeleka, ni kununua vitu kwa bei nafuu ili kuviuza kwa bei ya juu kupita kiasi. Neno hili ni la sokoni, na lawama iliyomo ndani yake ni lawama ya sokoni. Mlanguzi ni mtu wa tamaa, anayemwonea mnunuzi kwa kuwa mnunuzi hana pengine pa kwenda. Hata hivyo hajatoka nje ya jamii: mnunuzi humlaumu asubuhi, na jioni humrudia kwa kuwa ndiye mwenye sabuni. Dawa yake, kwa fikira za sokoni, ni kutozwa faini, kunyang'anywa leseni, au kufungiwa duka.

Neno magendo latazama njia, si bei. Biashara ya magendo ni ile ipitayo kando ya forodha na kando ya leseni. Anayepunjwa hapa ni hazina ya serikali. Kwa watu wa mpakani, ambao ndugu zao na masoko yao yako pande zote mbili, kosa hili lilionekana kuwa ni kuvuka mstari uliochorwa na wengine. Nchini Uganda neno hilo hilo la Kiswahili lilikuja kuwa jina la uchumi mzima wa siri wa miaka ya 1970, na matajiri wake wakaitwa mafuta mingi, kwa upatanisho wa sarufi wa Kiswahili cha huko. Serikali ya Idi Amin ilijibu kwa amri ya mwaka 1975 iliyounda baraza la kijeshi la kuhukumu makosa ya uchumi, nalo likapewa uwezo wa kutoa adhabu ya kifo. Magendo hayakwisha.

Neno la tatu asili yake ni Kiarabu, na ni neno la vita. Kuhujumu ni kushambulia, hasa kwa ghafula au kwa siri. Hapa hatumwoni tena mnunuzi aliyeonewa, wala ushuru uliokwepwa; twaiona nchi iliyoshambuliwa. Aliyeitwa mhujumu ametolewa sokoni akapelekwa uwanja wa vita, na adui wa vita hapimwi kwa mizani ya sukari aliyoificha.

II. Adhabu na usalama katika miaka ya kwanza ya uhuru

Swali la adhabu ya haki halikuanza mwaka 1983. Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila mashtaka kwa ajili ya usalama wa nchi na amani ya raia. Na amri yake haikuweza kuhojiwa mahakamani. Mwaka 1963 ikafuata sheria ya kuweka kiwango cha chini cha adhabu. Kwa makosa yaliyotajwa humo, wizi wa mali ya umma na rushwa yakiwa miongoni mwake, mkosaji alipaswa kufungwa si chini ya miaka miwili na kuchapwa viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka.

Sheria hizi mbili zafaa kutofautishwa. Ile ya kwanza ilimwondoa hakimu kabisa, kwa kuwa jambo la usalama lilihesabiwa si jambo la mahakama. Ile ya pili ilimwacha hakimu katika kiti chake, lakini ikamfunga mikono. Waliozitetea walisema kwamba taifa changa na maskini haliwezi kuwavumilia wanaokula mali ya wote. Aibanaye senti ya umma amemwibia kila mtu. Waliozitilia shaka walijibu kwamba haki ni kupima, na hakimu asiyeweza kumtofautisha mwenye shida na mwenye tamaa hapimi tena, bali ahesabu tu. Sheria ya mwaka 1963 iliandikwa upya mwaka 1972, na viboko vikaondolewa humo. Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1980 hoja zote mbili zilikuwa zimekwisha kuzoeleka. Lililokuwa bado halijatokea ni kuzikusanya pamoja fikira ya usalama, fikira ya adhabu kali na habari za biashara, na kuziweka chini ya neno moja.

III. Uhaba na msamiati wake

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya kuingiza na kutoa bidhaa nchini iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka 1973 ilipitishwa sheria ya kudhibiti bei, na tume ikaundwa ya kupanga bei za bidhaa nyingi. Kampuni za biashara za mikoa nazo zikapewa kazi ya kugawa bidhaa kwa maduka. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika.

Kisha mambo yalifuatana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata vilimeza fedha nyingi. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda, fedha za kigeni zikapungua, na viwanda vikakosa malighafi. Bei ya serikali ilibaki imeandikwa, lakini bidhaa yenyewe haikuonekana.

Lugha ya watu ikaieleza hali hiyo kwa usahihi kuliko taarifa nyingi za ofisini. Palikuwa na bidhaa adimu, na foleni ya kuzingoja. Palikuwa na bei halali na bei ya kuruka. Palikuwa na kimemo, yaani kikaratasi cha mkubwa kilichomfungulia mtu mlango wa nyuma wa duka la umma. Msamiati huu una ushahidi ndani yake. Kimemo hakiandikwi na mlanguzi. Huandikwa na mwenye cheo. Mlango wa nyuma haupo katika duka la magendo, ambalo halina mlango wa mbele. Upo katika duka la serikali. Basi watu wa foleni walijua kwamba bidhaa zilitoka katika bohari za umma ndipo zikafika kwa mlanguzi, na kwamba biashara ya siri ilikuwa na wenyeji wawili: mwenye duka na mwenye kalamu.

IV. Mwaka 1983

Edward Sokoine alirudi katika cheo cha Waziri Mkuu mapema mwaka 1983. Mwezi Machi ulianza msako wa nchi nzima. Maduka, maghala na nyumba zilipekuliwa, bidhaa na fedha zikatwaliwa, na watu wengi wakatiwa mbaroni. Wengine, kwa hofu, walizitupa mali zao porini na majini. Sheria yenyewe ya kupambana na uhujumu wa uchumi ilipitishwa na Bunge baada ya msako kuanza, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma ili iwakumbe waliokwisha kukamatwa. Iliunda baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida. Mshtakiwa hakuwa na dhamana, hakuruhusiwa wakili, wala hakuweza kukata rufani katika mahakama za kawaida.

Yafaa tuseme kwa haki kwamba msako huo ulipendwa na watu wengi. Kabwela aliyekesha akingoja kilo moja ya unga alifurahi kuona maghala yakifunguliwa na wakubwa nao wakihojiwa. Sokoine alipofariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, majonzi yaliyoonekana nchini yalikuwa ya kweli. Hoja ya upande huu haikuwa hoja nyepesi: palipo na njaa, kuficha chakula ni kumdhuru mtu mwilini, na asiyemwonea huruma mwenye njaa asitazamie huruma.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja tatu. Ya kwanza ni ya wakati: mtu atajizuiaje na kosa ambalo sheria yake bado haijaandikwa? Ya pili ni ya kiasi: aliyekutwa na katoni mbili za sabuni na aliyeuza shehena ya shirika la umma waliitwa jina moja, na dagaa akaketi kizimbani pamoja na papa. Ya tatu ni ya chanzo: ikiwa bidhaa haipo kwa sababu kiwanda hakina malighafi, hata kama walanguzi wote watafungwa, kiwanda hakitazunguka.

Hapo ndipo neno lilipofanya kazi yake. Hoja hizo tatu zote zina nguvu katika mabishano ya soko, kwa maana soko lajua wakati, kiasi na chanzo. Hazina nguvu katika mabishano ya vita. Vitani hapaulizwi kama adui alisomewa sheria. Hapapimwi ukubwa wa adui mmoja mmoja. Na asemaye kwamba adui si chanzo cha taabu yote hutiliwa shaka kuwa amesimama upande wake. Neno mhujumu halikuzijibu hoja hizo. Lilizihamisha tu hadi mahali ambapo hazikuweza kusikika.

V. Mwaka 1984

Mabadiliko yalikuja upesi. Mwezi Novemba 1983 mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena. Mwaka uliofuata sheria ya 1983 ilifutwa, mahala pake ikawekwa Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na ya Kupangwa ya 1984, iliyoyarudisha mashauri haya chini ya Mahakama Kuu na kuruhusu mawakili na rufani. Mwaka huo huo haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba. Ibara ya 13 yasema kwamba mtu hataadhibiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa, na kwamba ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufani. Msomaji akiiweka ibara hii kando ya sheria ya mwaka uliotangulia, ataona kwamba yajibu karibu kila neno lililolalamikiwa.

Lakini jibu la foleni halikutoka mahakamani. Lilitoka katika bajeti ya Juni 1984, ambayo iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zilipatikana wapi. Baada ya muda sabuni, nguo na vipuri vilionekana tena madukani, kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu. Mtafiti hana budi kusimama hapa na kutafakari. Fedha ambazo mwaka 1983 zilikuwa ushahidi wa kumtia mtu ndani, mwaka 1984 zilikaribishwa kama msaada kwa taifa. Tendo halikubadilika sana. Lililobadilika ni jina lake.

VI. Hitimisho

Twaweza kusema kwamba katika mabishano haya kila neno lilikuwa na ukweli wake. Mlanguzi alikuwapo, magendo yalikuwapo, na wamo waliotaka kweli kuidhoofisha nchi kwa ajili ya matumbo yao. Kosa lilikuwa kulitumia neno zito kuliko yote kwa watu wote, kana kwamba ukali wa jina ungeziba upungufu wa mizani.

Na jambo hili halijawa la kale. Sheria ya 1984 ingali inatumika, pamoja na marekebisho yake. Orodha ya makosa yake yagusa pia mambo kama nyara za wanyamapori na silaha, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kwa hiyo maneno kesi ya uhujumu uchumi yaendelea kusikika mahakamani, juu ya watu ambao pengine hawajawahi kuficha hata kilo moja ya sukari. Sheria za 1983 na 1984 ziliandikwa kwa Kiingereza, huku nchi ikizijadili kwa Kiswahili. Neno la Kiswahili lilikuwa la Bungeni na la barabarani, si la kifungu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Neno lililokuwa likipigwa kelele penye foleni sasa lasomwa na hakimu kama kipimo cha kosa.

Hapo ndipo kazi ya watunga kamusi inapokutana na haki za watu. Si kazi yao kuamua nani afungwe. Lakini akiandika fasili ya neno hujuma, mtunga kamusi aonyeshe waziwazi panapoishia maana ya kushambulia na panapoanzia mfano wa maneno. Na akiandika fasili ya kulangua, asiiache imezwe na jirani yake. Mbuzi na kondoo wakichungwa pamoja hakuna ubaya, mradi mchungaji aweza kuwatenganisha jioni. Maneno yasipotenganishwa, jioni itafika mahakamani, na atakayekosa kutenganishwa ni mtu.