Majukwaa ya Michezo ya Kuigiza

Mwaka mmoja wanafunzi wetu hapa Ruangwa walicheza mchezo wa kuigiza ndani ya darasa. Tulitundika shuka kuwa pazia. Watu wengi hawakupata nafasi, wakasimama nje wakichungulia madirishani, na walipochoka wakaenda zao. Mzee mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mbona mmeukimbia uwanja?” Swali lile lilinichoma moyo, nikaanza kusoma jinsi watu wa kale walivyojenga majukwaa yao.

Kwanza ni uwanja wa duara, nao ndio wetu tangu zamani. Jirani zetu Wamakonde huchezea hapo ngoma ya midimu, wachezaji wakivaa vinyago vya usoni. Faida yake ni kwamba haugharimu kitu, na kila mtu yu karibu. Hasara yake, mchezaji hana budi kuwapa wengine mgongo, na sauti yake hupotea hewani.

Pili ni jukwaa la Wayunani. Wao walipanga ngazi za mawe katika mteremko wa kilima, kiwanja kikiwa chini. Ukumbi wa Epidauros, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, huchukua watu wapata 14,000, na sauti ya mchezaji husikika mpaka juu. Lakini aliyeketi juu hawezi kuona uso wa mchezaji.

Tatu ni jukwaa lililotokeza katikati ya watu, kama lile la Globe, mjini London, lililojengwa mwaka 1599. Watu walilizunguka pande tatu, na nyuma palikuwa na chumba cha kuvalia. Lakini paa lake lilikuwa la nyasi. Mwaka 1613 mzinga ulipigwa katika mchezo, nyasi zikashika moto, jumba likateketea.

Nne ni jukwaa la pazia, mfano wa lile la Farnese huko Parma, Italia, la mwaka 1618. Hapo mandhari hubadilishwa kwa siri, na wote hutazama upande mmoja. Lakini gharama yake ni kubwa, na wachezaji hutengwa na watu. Hilo ndilo tuliloliiga kwa shuka letu.

Tena kuna habari ya Kamiriithu, nchini Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi, wakafanya mazoezi mbele ya watu wote. Serikali ilipiga marufuku mchezo wao mwaka ule ule, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Je, mbao zilikuwa na kosa gani? Kilichoogopwa ni watu waliokusanyika hapo wakasikia.

Basi, mwaka uliofuata tulicheza nje, ukuta wa shule ukiwa nyuma yetu kuirudisha sauti, na watu wakiketi pande tatu. Mzee yule aliketi mbele. Nanyi walimu wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, kabla ya kutafuta mbao na pazia, wahesabuni kwanza wale mnaotaka wauone mchezo.