Granzaimu B: silaha ya kinga ya mwili, na madhara yake inapokosea

Katika vipindi vyetu vya afya, kinga ya mwili hutajwa karibu kila wiki. Tunaisikia kwenye habari za chanjo, kwenye elimu ya VVU, na hata mnadani kwa muuza dawa anayeahidi kwamba chupa yake "inapandisha kinga". Leo tunaeleza silaha moja ya kinga hiyo, inayoitwa granzaimu B. Ukiielewa, utaelewa pia kwa nini kinga kali si lazima iwe kinga nzuri.

Granzaimu B ni nini?

Mwili umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu wamo askari ambao kazi yao ni kuua seli za mwili zilizoingiliwa na virusi au kugeuka saratani. Makundi makubwa ni mawili. Kuna seli T uaji, ambazo kila moja humtambua adui wake mahususi, na kuna seli uaji za asili, ambazo huwahi kushambulia bila kusubiri utambuzi huo. Makundi yote mawili hubeba vifuko vidogo, na humo ndimo granzaimu B inamohifadhiwa.

Granzaimu B ni kimeng'enya kinachokata protini nyingine, kama vimeng'enya vya tumboni vinavyokatakata nyama tuliyokula. Binadamu ana granzaimu za aina tano: A, B, H, K na M. Wanasayansi walizipa jina hilo katika miaka ya 1980.

Kwa nini mwili uue seli zake wenyewe?

Virusi haviwezi kuzaliana vyenyewe. Lazima viingie ndani ya seli na kuitumia kama karakana yao. Vikishajificha humo, kingamwili zinazozunguka kwenye damu kwa kawaida hazivifikii. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Njia inayobaki ni kuiua seli hiyo kabla virusi havijajaa na kusambaa.

Askari hatambui kwa kubahatisha. Seli iliyoingiliwa hutoa nje vipande vya virusi kwenye ukuta wake, kama mtu anayetundika kitambaa mlangoni kuomba msaada. Seli T uaji huisoma ishara hiyo. Ugunduzi huu uliwapa Peter Doherty na Rolf Zinkernagel Tuzo ya Nobel ya mwaka 1996.

Inavyofanya kazi

Kwanza, seli uaji hujibana na seli yenye ugonjwa. Pili, humwaga yaliyomo kwenye vifuko vyake katika upenyo mwembamba uliopo kati yao. Tatu, protini nyingine iitwayo perforini hutoboa matundu na kuifungulia granzaimu B njia ya kuingia. Nne, granzaimu B huamsha vimeng'enya vingine viitwavyo kaspesi, ambavyo vilikuwa vimelala ndani ya seli hiyo. Hapo kazi ya kuibomoa huanza, na hata DNA, yaani maandishi ya urithi, hukatwakatwa.

Seli hiyo haipasuki ovyo. Husinyaa na kugawanyika vipande vilivyofungwa, kisha chembe za usafi huvimeza. Kifo cha namna hii huitwa apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 kutoka neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Seli uaji huondoka salama kwenda kutafuta nyingine, kwa sababu ina protini maalumu inayoizuia granzaimu B isiikate yenyewe.

Maadui nao wana mbinu. Baadhi ya saratani hutengeneza protini hiyo hiyo ya kuzuia, zikajikinga nayo. VVU vina njia nyingine: huangamiza seli za CD4, ambazo ndizo zinazowasaidia na kuwaongoza askari hawa. Bila CD4 seli uaji hudhoofika, na magonjwa nyemelezi hupata nafasi. Ndiyo maana tunasisitiza kumeza ARV kila siku, hata kama mtu anajisikia mzima.

Inapokosea

Panga linalofyeka shamba linaweza kumkata mwenyewe mguu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, seli T hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na granzaimu B ni mojawapo ya silaha zinazotumika. Seli hizo zikiisha, mwili hauwezi tena kuitumia sukari iliyo kwenye damu.

Kwa mgonjwa aliyepandikizwa figo, seli hizi huweza kuiona figo mpya kama adui. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji wa figo mwaka 2017. Mgonjwa hupewa dawa za kupunguza nguvu ya kinga, naye huzitumia muda wote anapokuwa na figo hiyo. Kwake yeye, "kupandisha kinga" kunaweza kumpotezea figo.

Granzaimu B huweza pia kuvujia nje ya seli. Ikikaa huko muda mrefu hukata nyuzi zinazoshikilia ngozi, na watafiti wanaihusisha na vidonda visivyopona.

Tunachopaswa kukumbuka

Kinga njema ni ile inayojua nani wa kumpiga, wapi, na wakati gani wa kuacha. Chanjo hufanya kazi hiyo ya kufundisha: huwaonyesha askari sura ya adui kabla hajafika. Dawa ya chupa isiyojulikana imewekwa nini haiwezi kuwafundisha chochote, na inaweza kuumiza ini au figo.

Mzazi, mtoto wako akianza kukojoa sana, kuwa na kiu isiyoisha, kukonda ilhali anakula, au kurudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo na uombe apimwe sukari. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kulegea, hiyo ni dharura. Dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria au mkono wa mtu, na siku zinapotea. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kidoleni na jibu hupatikana papo hapo. Mtoto mwenye kisukari hiki akipata insulini kila siku, anaweza kusoma, kucheza na kukua kama wenzake. Akiikosa, hufariki.