Mvua ya mbali ndiyo huua: Yafahamu makorongo na njia za milimani kabla ya kuziingia

ANAYEINGIA katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, huona mambo mawili kwa mpigo: kuta za mawe zilizochongwa kama kwa patasi na, juu kabisa, ukanda mwembamba wa anga.

Ukanda huo wa anga ndio unaowahadaa wengi. Ukiwa wa samawati na jua likiwaka, mgeni huamini kwamba siku ni salama. Lakini maji yaliyochonga kuta hizo hayakunyesha hapo. Yalitoka mbali, na hadi leo njia yao ni ile ile.

Mbuga hiyo ilitengwa rasmi mwaka 1984. Ina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 68 na iko kusini mwa Ziwa Naivasha, karibu kilomita 90 kutoka jijini Nairobi. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, swala, ngiri na twiga.

Kwa sababu hiyo, aghalabu huvutia wanafunzi, vijana wa makanisa, wafanyakazi wa ofisi wanaotaka kunyoosha viungo, na wakimbiaji waliochoshwa na moshi wa barabara za lami.

Hamu hiyo si ya Naivasha pekee. Mbio za milimani, yaani mashindano yanayopita kwenye vijia vya mawe, msitu na miteremko badala ya barabara, zimepata mashabiki wengi duniani, na Wakenya wamekuwa mstari wa mbele. Lucy Wambui Murigi alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 2017 nchini Italia, akautetea mwaka 2018 huko Andorra. Naye Patrick Kipngeno alishinda dhahabu ya dunia ya mbio za kupanda mlima mwaka 2022 nchini Thailand, kisha akairudia mwaka 2023 nchini Austria.

Kando ya mbio hizo upo mchezo wa kuteremka makorongo, ambao washiriki wake hufuata mkondo wa maji kwa kutembea, kuogelea na kushuka kwa kamba. Michezo yote miwili ina raha yake. Ila ina sheria moja ambayo haisamehe: uamuzi wa kuendelea au kurudi sharti ufanywe mapema, kabla hatari haijaonekana kwa macho.

Korongo huumbwaje?

Korongo ni ufa mrefu na mwembamba wa ardhi ambao kuta zake zimekatwa na maji. Ol Njorowa lilichimbwa na maji ya ziwa kubwa la kale, ambalo Naivasha ya leo ni mabaki yake tu. Ziwa hilo lilipofurika, maji yalitafuta njia ya kutokea upande wa kusini, yakalikata tabaka la mawe na majivu ya volkano hadi yakaacha mfereji mkubwa.

Eneo lote hilo ni la volkano. Karibu nalo umesimama Mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776, na kando yake ni Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Ndani ya korongo lenyewe zipo chemchemi za maji moto, na mahali pengine maji hayo huweza kumbabua asiyejihadhari.

Mvua kubwa inyeshapo kwenye vilima vya jirani, maji hayana subira ya kupenya ardhini. Huteremka kwa vijito vingi vidogo, na vijito hivyo vyote huishia katika mfereji mmoja. Kile kilichoenea juu ya eneo pana hulazimika kupita penye upana wa hatua chache tu.

Ndiyo maana maji hupanda kwa dakika, wala si kwa saa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzani wa tani moja. Maji yanayokwenda kasi huweza kumwangusha mtu mzima hata yakiwa yamemfikia magotini tu, hasa yanapobeba mawe na magogo.

Funzo la Naivasha

Mnamo Aprili 22, 2012, kundi la vijana wa kanisa kutoka Nairobi lilikuwa katika korongo hilo mafuriko ya ghafla yalipolivamia. Vijana saba walipoteza maisha yao. Huo ulikuwa msimu wa mvua za masika, na wengi walidhani kwamba msimu ndio uliokuwa kosa.

Hata hivyo, Septemba 1, 2019, maafa yalirudi mahali pale pale. Watalii waliokuwa wakitembea na mwelekezi wao walisombwa na maji, na watu saba wakafa, akiwemo mwelekezi huyo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lililazimika kulifunga korongo hilo.

Mkasa huo wa pili una mafunzo mawili ambayo msafiri hana budi kuyashika. Kwanza, Septemba si mwezi wa masika wala wa vuli. Kwa hivyo, kalenda pekee haitoshi kumlinda mtu. Pili, kuwa na mwelekezi ni jambo la lazima, lakini mwelekezi naye ni binadamu. Hawezi kuiona mvua iliyo nyuma ya kilima.

Yaliyotokea ng'ambo

Hali hii si ya Kenya pekee. Mnamo Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope, jimbo la Arizona nchini Marekani. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita kadhaa kutoka mahali walipokuwa.

Miaka miwili baadaye, Julai 27, 1999, watu 21 walifariki katika kijito cha Saxetenbach karibu na mji wa Interlaken, Uswisi, walipokuwa wakiteremka korongo. Miongoni mwao walikuwemo waelekezi. Dhoruba ilikuwa imepiga sehemu za juu za mlima, na maji yakawafikia kama ukuta. Mwaka 2001 mahakama iliwapata baadhi ya waliosimamia safari hiyo na hatia ya kusababisha vifo kwa uzembe.

Hukumu hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayekusanya nauli za watu na kuwaongoza safarini, awe mwenyekiti wa vijana, mwalimu wa shule au mwenye kampuni ya utalii. Roho za watu anaowapeleka zimo mikononi mwake tangu basi linapong'oa nanga.

Mlimani adui ni baridi

Ikiwa hatari ya korongo ni maji, hatari ya mlima mara nyingi ni baridi. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi sita kila mtu anapopanda mita 1,000. Mahali penye nyuzi 20 kwenye kimo cha mita 2,000 huweza kulinganishwa na nyuzi nane tu kwenye mita 4,000. Upepo na mvua vikiongezeka, mwili huhisi baridi kali kuliko hiyo.

Mkimbiaji yumo hatarini zaidi kuliko mtembezi kwa sababu huvaa nguo nyepesi na hutokwa jasho. Akiendelea kukimbia, mwili hujipasha joto wenyewe. Akiteguka kifundo cha mguu au akichoka na kusimama, nguo zilizolowa humnyang'anya joto kwa haraka. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kutetemeka, kukosa nguvu mikononi na kuchanganyikiwa. Kutetemeka kukikoma huku bado amepigwa na baridi, hiyo si nafuu. Ni dalili kwamba hali inazidi kuwa mbaya.

Mfano wa kuhuzunisha ni wa Mei 22, 2021, katika mkoa wa Gansu nchini China. Wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 katika eneo la milima na makorongo kando ya Mto Manjano. Wengi walivalia fulana na kaptura. Karibu na adhuhuri upepo mkali, mvua ya barafu na baridi viliwakuta wakiwa kwenye sehemu ya kupanda, ambako magari ya uokoaji hayangeweza kufika. Wakimbiaji 21 walikufa, baadhi yao wakiwa mabingwa wanaotambulika nchini humo.

Koti la kuzuia upepo halikuwa miongoni mwa vifaa ambavyo kila mshiriki alilazimika kubeba. Mchungaji mmoja wa kondoo aliyekuwa amejihifadhi pangoni aliwaokoa sita kwa kuwawashia moto na kuwafunika. Bingwa na anayeanza walikuwa sawa mbele ya baridi hiyo. Kilichowatenganisha walio hai na wafu ni mahali pa kujikinga.

Hapa nchini, Mlima Kenya una kilele cha Lenana chenye mita 4,985, ambacho watu wengi wenye afya hukifikia bila kamba. Urahisi huo haupaswi kumpumbaza mkimbiaji. Kuanzia mita 2,500 hivi, hewa nyepesi huanza kuwaletea baadhi ya watu kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ubingwa wa mbio haumkingi mtu. Dawa ya kwanza ni kuacha kupanda, na hali ikizidi, kuteremka mara moja.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Msafiri mwenye busara huanza maandalizi siku moja kabla. Asikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, si wa mahali anapokwenda pekee, bali pia wa sehemu za juu ambako maji ya korongo hilo hutoka. Utabiri ukitaja mvua ya radi, safari ya korongoni iahirishwe, na kundi litafute shughuli nyingine.

Afikapo langoni, awaulize askari wa KWS ni njia zipi zilizo wazi siku hiyo na iwapo mvua imenyesha usiku au kwenye vilima vya karibu. Wakimwambia asiingie, basi asibembeleze wala asitafute kichochoro. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kundi liwe dogo kiasi cha kuhesabika kwa haraka, na kila mmoja ajue ni nani aliye mbele yake na nyuma yake. Mtu mmoja asiyeingia korongoni abaki na orodha ya majina pamoja na saa ambayo kundi linatarajiwa kurudi. Ndani ya makorongo simu nyingi hupoteza mawimbi, hivyo basi haifai kuitegemea simu kama njia pekee ya kuomba msaada.

Mkimbiaji wa milimani abebe mkoba mwepesi wenye koti la kuzuia mvua na upepo, fulana kavu, kofia, maji, chakula kidogo, kurunzi, kipenga na blanketi jembamba la dharura. Viatu viwe vyenye soli inayoshika mawe. Aidha, katika mbuga zenye nyati, asikimbie peke yake alfajiri au jioni, wala asipite kwenye vichaka asivyoweza kuona ndani yake.

Maji yakija

Anayetembea korongoni ajizoeze kuhesabu mahali pa kutokea. Kila anapopita sehemu ambayo mtu anaweza kupanda, aikumbuke, na ajiulize: maji yakija sasa, nitakwenda wapi? Akikosa jibu kwa mwendo mrefu, ajue kwamba amefika pabaya.

Dalili hazikosekani. Maji yaliyokuwa maangavu hugeuka ya udongo. Majani na vijiti huanza kuelea. Kijito kilichokuwa kikinong'ona hubadili sauti, kisha husikika mvumo kama wa lori linalokuja kwa mbali. Ngurumo hata moja ya radi yatosha kumwondoa mtu humo.

Hapo hakuna muda wa kupiga picha wala kurudi kuchukua mfuko. Kinachotakiwa ni kupanda juu mara moja, hata kama ni mita chache tu. Kukimbia kufuata mkondo ni kushindana na maji, na maji hayachoki. Aliyefika juu abaki huko hadi maji yapungue kabisa, kwani wimbi la pili huweza kufuata la kwanza. Msaada uombwe kupitia nambari 999 au 112 pindi simu inapopata mawimbi.

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ol Njorowa na Mlima Kenya vitakuwepo kesho na kesho kutwa. Kiongozi anayesimama langoni, akatazama mawingu juu ya Longonot na kuwaambia wenzake kwamba leo hatuingii, huenda akanung'unikiwa njia nzima hadi Nairobi. Lakini atakuwa amewarudisha nyumbani watu wote aliotoka nao, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa.