Herufi Isiyokuwamo: Kutoka Herufi za Risasi hadi Waraka wa Kompyuta

Fundi wa chapa wa zamani, alipokosa herufi katika kasha lake, aliweza kutwaa nyingine yenye unene ule ule na kuigeuza kichwa chini, hata karatasi ya kusahihishia ikatoa alama nyeusi ya kitako chake. Wajapani waliiita alama hiyo geta, kwa kuwa ilifanana na nyayo za mitalawanda. Ilikuwa ni ungamo: herufi haimo, na itafutwe kabla ya kitabu kuchapwa.

Kompyuta ilirithi desturi hiyo. Katika fonti za TrueType na OpenType, nafasi ya nambari 0 huwekewa umbo la kusimama badala ya herufi isiyokuwamo, na mara nyingi umbo hilo ni kisanduku kitupu. Unikodi, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, huipa kila herufi nambari yake. Lakini kuipa herufi nambari si kuichongea umbo.

Tofauti ilizuka katika usahihishaji. Fundi aliitazama karatasi kwa macho yake. Leo waraka hugeuzwa kuwa PDF, muundo uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na ukaguzi huachiwa programu. Jaribio likisoma nambari za herufi tu, laweza kufaulu ilhali msomaji haoni ila visanduku. Likilinganisha ukurasa na picha ya awali ambayo nayo ilikuwa na visanduku, kosa lenyewe limegeuka kuwa kipimo. Tena kompyuta ya mtengenezaji huazima umbo katika fonti nyingine zilizomo, ilhali seva yenye fonti chache haina pa kuazima.

Jambo hili lakigusa Kiswahili kwa namna ya pekee. Herufi zake za Kilatini hazina alama juu wala chini. Kwa hiyo jaribio lililoandikwa kwa maneno yake hufaulu karibu katika kila fonti ya Kilatini, wala halithibitishi mengi. Jina la Kigikuyu lenye ĩ au ũ laweza kuanguka pale pale. Hali kadhalika utenzi ulionakiliwa kwa hati ya Kiarabu, penye پ na چ za sauti ambazo Kiarabu sanifu hakina.

Kanuni ya PDF/A ya mwaka 2005, iliyowekwa kwa nyaraka za kuhifadhiwa muda mrefu, ililazimisha fonti kufungwa ndani ya waraka. Ile ya PDF/A-2 ya mwaka 2011 ikakataza kutumia umbo la nambari 0. Hivyo ungamo la fundi limerejea. Jaribio lililo jema hushindwa waziwazi mara herufi inapokosekana, na maneno yake ya kupimia huchaguliwa miongoni mwa herufi zilizo hatarini. Nambari ikihifadhiwa ndani ya waraka, jina laweza kuokolewa. Lakini katika nakala ya karatasi, jina lililogeuka visanduku halina wa kulisoma tena.