Bei ya Ndagala na Thamani ya Noti

Kazimia ni mji wa wavuvi, wakulima na wachuuzi, pwani ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Fizi. Ng'ambo ya ziwa iko Tanzania, na bandari za Kigoma na Ujiji. Watu wa pwani hizi mbili wamefanya biashara tangu zamani sana, kabla ya kuwako faranga, shilingi wala dola. Kwa hiyo habari za fedha si ngeni kwao.

Wanafunzi wa biashara katika vyuo vikuu hufundishwa elimu ya uchumi kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huitwa uchumi mdogo: nayo yaeleza jinsi muuzaji na mnunuzi wanavyopatana bei ya kitu kimoja sokoni. Sehemu ya pili huitwa uchumi mkubwa: nayo yatazama nchi nzima, yaani fedha yake, kodi zake, kazi za watu wake, na kupanda kwa bei za vitu vyote pamoja. Maneno hayo yaonekana magumu. Lakini mvuvi wa Kazimia aijua sehemu ya kwanza kwa kutazama mwezi, na sehemu ya pili wazee wake waliijua kwa machozi.

Tuanze na mwezi. Ndagala, ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Siku za giza samaki huifuata nuru ya taa, na wavu hujaa. Mwezi ukiwa mpevu nuru huenea ziwani kote, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi hupumzika. Ndagala huwa haba sokoni, na bei hupanda. Je, ni nani aliyeipandisha? Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaipanga. Wanunuzi ni wengi, samaki ni wachache, basi kila mmoja huongeza kidogo ili asirudi mikono mitupu. Mama mwenye fedha kidogo huacha ndagala, akanunua maharagwe au sombe. Aliyewakausha samaki wake juani hufungua magunia yake sasa, kwa maana samaki mkavu aweza kungoja bei njema, lakini mbichi hawezi. Baada ya siku chache giza larudi, mitumbwi yatoka, na bei yashuka.

Angalieni jambo hili: uhaba wenyewe umeita dawa yake. Bei ya juu imemwambia mnunuzi apunguze, nayo imemwambia mwenye magunia auze. Hiyo ndiyo kazi ya bei.

Sasa tutazame fedha yenyewe. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji. Aliona kwamba fedha ya soko lile ilikuwa ushanga ulioitwa sofi, uliofanana na vipande vidogo vya mti wa kiko uliovunjika. Asubuhi watu wenye mikoba iliyojaa sofi waliwapa wanunuzi ushanga huo, wakapokea shanga za namna nyingine. Soko lilipokwisha walizirudisha sofi kwao kutoka kwa wauzaji, nao walipata faida mara mbili. Hao walikuwa wavunja fedha kamili, ingawa hawakuwa na nyumba ya benki.

Kwa nini muuza mbuzi alikubali kipande cha ushanga kisicholiwa wala kuvaliwa kama nguo? Alikubali kwa sababu alijua ya kuwa muuza chumvi atakikubali pia. Tena shanga hazikuchimbwa hapa, zilitoka ng'ambo ya bahari, zikaletwa na misafara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, mwendo wa miezi. Basi fedha yataka mambo mawili: watu waiamini, nayo isiwe nyingi kama mchanga wa ziwa.

Baadaye zikaja fedha za serikali. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo, ya mfalme Leopold II, ilitoa faranga zake. Mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, na baadaye kodi ya kichwa ikadaiwa kwa fedha. Mtu aliyekuwa na shamba na mbuzi, asiyekuwa na haja ya faranga, sasa alilazimika kuzitafuta: auze mazao, au aende kazini migodini. Hivyo serikali yaweza kuipa fedha nguvu kwa kuitaka katika kodi.

Mwaka 1967, chini ya Rais Mobutu, faranga ya Kongo iliondolewa, ikaja zaire. Zaire moja ilichukua mahali pa faranga 1,000, nayo ilipewa thamani ya dola mbili za Marekani. Ilikuwa fedha ya heshima. Lakini katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka katika masoko ya dunia, na shaba ndiyo iliyoijazia serikali hazina yake. Mapato yalipungua, matumizi hayakupungua. Mwaka 1979, siku za Krismasi, noti za zaire 5 na 10 ziliondolewa ghafula, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wakulima wa mbali na benki walibaki na karatasi mikononi.

Mambo yalizidi kuharibika. Migodi ya Katanga, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa karibu tani 50,000 tu mwaka 1993. Serikali ikalipa mishahara kwa kuchapisha noti. Mwisho wa mwaka 1992 ikatoa noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliwaambia watu wasiipokee. Askari walilipwa kwa noti hiyo, wafanya biashara wakaikataa, na mwezi wa Januari 1993 askari wakapora Kinshasa. Watu wengi walikufa.

Mwezi wa Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Hapo watu wa Kasai walifanya jambo la ajabu: waliikataa fedha mpya, wakaendelea kutumia noti kuukuu zilizochakaa. Noti hizo hazikuchapwa tena, kwa hiyo hazikuweza kuongezeka. Huko Kasai bei zilitulia kuliko sehemu nyingine, kumbe kwingine zaire mpya ilianguka kama mama yake. Karatasi iliyochakaa ilishinda karatasi safi, kwa sababu ilikuwa haba na watu waliiamini. Je, si habari ya sofi za Ujiji hiyo?

Mwaka 1998 faranga ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu: faranga hiyo moja ilisimama mahali pa zaire bilioni 300 za mwaka 1967. Nayo ilipoanza, dola moja haikufika faranga mbili. Mwaka 2023 dola moja ilipita faranga 2,000.

Ni nani aliyelipa gharama ya haya yote? Siye aliyepokea noti mpya kwanza, maana yeye alinunua kabla bei hazijapanda. Siye mdaiwa, aliyelipa deni lake kwa karatasi nyepesi. Aliyelipa ni mwalimu aliyengoja mshahara mwisho wa mwezi, na mjane aliyeweka akiba ndani ya sanduku. Aliyeweka zaire 100 mwaka 1967 alikuwa na thamani ya dola 200. Mwaka 1993 hesabu hiyo haikuweza kumnunulia hata kiberiti. Hakuibiwa na mwivi wa usiku, sanduku halikuvunjwa. Ndiyo sababu watu wengi wa Kongo huweka akiba yao kwa dola, au kwa mbuzi na ng'ombe.

Basi mwanafunzi, na hata mama aendaye sokoni, ajifunze kuuliza swali moja. Bei ikipanda, je, imepanda ya kitu kimoja au ya vitu vyote? Ikiwa ni ndagala peke yake, atazame mwezi, naye angoje. Ikiwa ndagala, chumvi, sabuni na kitenge vyote vimepanda pamoja, aulize kwanza kama barabara imefungwa au vita imezuia mitumbwi, kwa maana hayo pia hupandisha vitu vyote. Lakini ikiwa njia ni wazi na mizigo yafika, basi vitu havikupanda: fedha imeshuka. Hapo asimlaumu mchuuzi wa Kazimia, ambaye naye kesho atanunua kwa bei ileile. Aulize hesabu ya serikali: imekusanya kodi kiasi gani, imetumia kiasi gani, na pengo limezibwa kwa nini.