Kamera na Ngoma katika Nchi za Ziwa

Kengele ya Kilutheri ilikuwa haijalia bado katika nchi hizi za Ziwa wakati kamera ilipofika. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba, na katika msafara wake alikuwamo Dk. Franz Stuhlmann, aliyepiga picha njiani na kutoa kitabu cha safari hiyo mwaka 1894. Kazi ya picha siku zile haikuwa nyepesi. Vioo vilivyopakwa dawa vilisafiri vichwani mwa wapagazi, na kioo kikivunjika, picha imekwenda.

Anayetuhusu zaidi ni Paul Kollmann, afisa wa jeshi la Kijerumani. Kitabu chake juu ya nchi za Viktoria Nyanza kilitoka mwaka 1898, na mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza. Humo zimo picha na michoro ya vyombo vya Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na Wahaya: ngoma, ngao, mikuki, mapambo. Ni hazina, kwa kuwa mti na nyasi huliwa na mchwa. Lakini chombo hutajwa kwa kabila lake. Fundi aliyekitengeneza hana jina.

Wakati huohuo hata watu walifanywa vielelezo. Katika Maonyesho ya Makoloni huko Treptow, Berlin, mwaka 1896, watu 106 kutoka makoloni ya Ujerumani, wakiwamo Waswahili na Wamasai, waliwekwa mbele ya watazamaji. Felix von Luschan aliwapima na kuwapiga picha. Baadhi yao walikataa. Kwelle Ndumbe wa Kamerun alijinunulia darubini ndogo, akawatazama waliokuja kumtazama. Lilikuwa jibu la haki.

Umisheni wa Betheli ulifika Buhaya mwaka 1910. Picha za misheni za nyakati zile zilikusudiwa kuamsha sala na sadaka huko Ulaya, kwa hiyo zilipenda kupambanisha: huku mpagani na ngoma yake, huku mwanafunzi mwenye kanzu nyeupe. Ngoma ikahesabiwa upande wa giza. Leo inapigwa ibadani, na hakuna anayeshtuka.

Tangu mwaka 2017 yapo Treptow maonyesho yanayosimulia maisha ya wale 106 kwa majina yao. Kwa ngoma zilizomo kitabuni mwa Kollmann, kazi ya namna hiyo itawahitaji wazee wa Mwanza, Ukerewe na Bukoba wanaoweza kueleza, kwa kuangalia ngozi ilivyofungwa, kila moja ilitoka wapi na ilipigwa siku gani.